Misumari ya Oiva

Rafiki yangu Tauno, hapa Kajaani, mji wa kaskazini kwenye theluji, aliazima kwa siku mbili matairi ya misumari ya kaka yake Oiva, yale yenye vichwa vya chuma vya kushika barafu. Siku mbili zikawa wiki tatu. Oiva akafia kwenye barafu, gari lake likiteleza kwa matairi ya kiangazi yasiyo na misumari.

Msimu huu wa baridi muuza matairi akamwambia Tauno, "Gari kuukuu hivi, chukua yenye misumari, bwana. Au umechoka kuishi?"

"Nipe yasiyo nayo. Ule mlio siutaki."

Alifika kwake saa tisa alasiri, giza limeshaingia, maana huku wakati wa baridi jua hutua mapema. Akazima injini. Nyuma yake misumari ikasikika ikitafuna barafu, tk-tk-tk, ikaingia uani, ikanyamaza ubavuni pake.

Akashuka na tochi. Hapakuwa na gari. Kwenye theluji mbichi, mistari miwili ya vitundu vya misumari ilitoka barabarani hadi mlangoni mwa gari lake. Ya kurudi haikuwapo.