Ngumi Ndani ya Bakuli

Wali ulinuka moshi, na Ma Thin alijua si yeye aliyeuunguza.

Ilikuwa siku ya saba tangu baba yake afe. Asubuhi hiyo mtawa angekula kwao, kisha maji yangemiminwa tone kwa tone huku marehemu akiitwa kwa jina, apokee thawabu zake na kwenda zake. Asiyezipokea siku hiyo hubaki hapa duniani.

Moulmein, kama miji mingine ya Burma, ulijaa watawa wa Kibudha, lakini mama yake, Daw Hnin, alimtaka U Tiloka, yule Mzungu aliyenyoa nywele na kuvaa vazi la kitawa mwaka juzi. Alitaka majirani waone. Walikuja kweli, wakajaa hadi ngazini.

"Marehemu hakujua hata Kiingereza cha kuombea chai," shangazi mmoja alinong'ona. "Atamwelewa huyu?"

Ma Thin naye alicheka.

Moshi ulizidi. Daw Hnin akaanza kumimina maji, akamwita mumewe, na maji yalipogusa sahani yakalia chwaa kama yamemwagwa juu ya makaa, kisha ndani ya bakuli jeusi la sadaka lililokuwa mapajani mwa mtawa ikasikika ngumi ikigonga, polepole, halafu haraka, halafu kama ya mtu anayekosa pumzi nyuma ya mlango uliofungwa.

"Amenifuata," alisema U Tiloka.

Akaeleza, macho chini, kwamba kabla ya utawa alikuwa askari. Waliamriwa kuchoma kijiji kimoja huko juu mtoni. Nyumba aliyoitia moto yeye ilikuwa na mwanamke ndani, akigonga mlango. Alimsikia, akaondoka.

"Mwite, Mheshimiwa," Ma Thin alimsihi kwa sauti ndogo. "Mpe sehemu yake ya thawabu aende. Anaitwa nani?"

"Sikuuliza."

Majirani waliteremka mmoja mmoja bila kuaga. Maji yakaendelea kulia na kukauka sahanini hadi yakaisha, na hakuna tone lililomfikia baba.

Mtawa naye akaondoka, mikono mitupu. Aliona haya kulibeba bakuli. Daw Hnin alijifunika uso kwa kitambaa. Hakuthubutu kumtazama binti yake.

Ngumi bado ziligonga. Ma Thin aliinama kusikiliza. Katikati ya zile za mwanamke kulikuwa na nyingine, taratibu, mara tatu halafu kimya, vile baba alivyokuwa akigonga kila jioni akitoka sokoni, akingoja afunguliwe.