Kinga Iliyofungia Kuku

Mashine ya kusaga ya Mihayo ilinguruma mapema kila asubuhi, na wanawake wa kijiji cha Samuye walipoisikia walijitwisha vikapu. Walipanga mtama na mahindi yao kwenye foleni, wakakaa chini, wakaanza maneno. Nani kaolewa, nani kaachika, mvua ya mwaka huu itanyesha au itatutania tena. Zamu ya mtu ikifika anasagiwa, anaondoka na vumbi la unga hadi kwenye nyusi.

Miaka ile ya hamsini, mwenye mashine yake mwenyewe alikuwa mtu wa kutajwa. Mihayo aliipata kwa jasho la pamba, misimu mingi. Watu walimwita Baba Limi, kwa jina la binti yake, na mkewe Klara wakamwita Mama Limi. Aliipenda mashine ile jamani! Aliifuta mafuta kila jioni, na yeye mwenyewe analala na vumbi.

Aliyeiendesha ni Thobias, mume wa Nyamizi. Alikuwa kijana mpole, mtu wa kanisani, hajawahi kuonja pombe hata ya mavuno. Mihayo alimwajiri kwa sababu haibi unga na hagombani na wateja.

Sasa sikiliza jinsi mashine yenyewe ilivyokuwa, maana shida yote ilikaa hapo. Upande mmoja ilikuwapo injini. Upande wa pili kilikuwapo kinu. Kati yao ulizunguka mkanda mrefu, mpana, na injini ikiwaka ulikwenda kasi hata macho hayaufuati. Huo mkanda ulikuwa umelegea. Nafaka ikimiminwa nyingi, unateleza. Injini inapiga kelele na kinu kimesimama.

Thobias alikuwa na dawa yake. Alichovya mkono kwenye kopo la ulimbo, ule utomvu unaonata ambao watoto hutegea ndege, akaupaka mkanda kwa ndani. Mkanda ukashika, kinu kikasaga. Lakini aliupaka huku unazunguka.

"Si uzime kwanza!" Klara alimwambia siku moja.

"Nikizima, Mama Limi, kuiwasha tena ni kupiga hendeli mpaka mgongo unauma. Na hawa akina mama watanipigia kelele."

Mihayo alikuwa palepale. Alisikia yote. Hakusema neno.

Usidhani hakuonywa. Mwaka uliotangulia alikuja mkaguzi wa kazi kutoka Shinyanga mjini, Bwana Donatus, akauona ule mkanda uko wazi. Alimwagiza Mihayo aufunike kwa kinga. Mihayo akamwita seremala, akatengenezewa kinga nzuri ya mbao na wavu wa waya. Ikafungwa. Basi mkanda ulipoteleza, mkono wenye ulimbo haukuwa na pa kupita. Wiki haikwisha, kinga ikang'olewa, ikaegemezwa ukutani.

Na Klara kuku wake walikuwa wanaliwa na kicheche. Banda halikuwa na mlango. Akaiona kinga imekaa bure, akaichukua. Ilienea mlangoni vizuri kabisa.

Unacheka? Mimi sicheki. Kicheche alikoma kula kuku, na watu wote pale nyumbani wakaona kinga imepata kazi.

Msimu wa pamba ulipokaribia, mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, alipita na habari. "Baba Limi, kesho una mgeni. Yule mkaguzi anarudi."

Mgeni! Neno hilo ndilo lililompoteza Mihayo. Mgeni akija tunafanyaje? Tunafagia. Tunaficha vyombo vilivyovunjika. Mtoto mwenye ukurutu tunamtuma kwa bibi yake. Mihayo akafanya vivyo hivyo. Kinga ilitolewa bandani, ikapanguswa, ikafungwa mahali pake. Kopo la ulimbo likafichwa nyuma ya magunia. Thobias, aliyezoea kufanya kazi amejifunga shuka begani, aliazimwa shati na kaptula ya Mihayo mwenyewe. Klara akachinja jogoo.

Na injini ikazimwa. Wateja wakaambiwa warudi keshokutwa.

Bwana Donatus alifika na baiskeli yake, shati limelowa jasho. Klara akapiga goti kumsalimu. Mihayo akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Mashine mbona kimya?" Donatus aliuliza.

"Mafuta yamekwisha, bwana. Lori halijapita."

Donatus aliinama, akaitazama kinga. Akachomoa unyoya mdogo wa kuku kwenye wavu, akaugeuzageuza kwenye vidole.

"Kuku wanapenda unga," Mihayo alisema upesi.

"Mh." Donatus akamgeukia Thobias. "Ndugu, wewe ndiye unayeendesha. Mkanda huu hautelezi?"

Thobias alimtazama Mihayo. Mihayo akajibu yeye. "Hautelezi hata kidogo, bwana. Unakwenda vizuri tu."

"Nimemuuliza yeye."

"Ndiyo hivyo, bwana," Thobias alisema, macho chini. "Unakwenda vizuri."

"Haya. Safari nyingine nitakuja bila kutuma habari, na nataka niikute inasaga. Mashine iliyozimwa haimkati mtu. Hainiambii kitu."

Alionja mchuzi wa jogoo kwa adabu, akapanda baiskeli yake akaenda. Mihayo alicheka mpaka akajishika mbavu. "Ameondoka! Mkaguzi mzima, nimemgeuza kama chapati!" Jioni ile ile Klara aliirudisha kinga bandani, maana vifaranga walikuwa wameanguliwa.

Siku ya mnada foleni ilifika hadi barabarani. Jua lilikuwa kali, wanawake wamechoka, watoto wanalia. Mkanda ukateleza. Thobias akaupaka ulimbo. Ukateleza tena.

"Thobias, vipi?" Mihayo alipaza sauti kutoka mlangoni. "Watu wanangoja! Fanya haraka!"

Hayo ndiyo maneno yake. Aliyakumbuka mpaka uzee wake.

Thobias aliinama haraka. Ncha ya shuka lake ikaanguka kutoka begani, ikagusa ulimbo kwenye mkanda, ikanata. Mkanda ukalivuta shuka. Shuka likauvuta mkono wa kulia. Nyamizi alikuwa kwenye foleni na kikapu chake cha mtama. Yeye ndiye aliyepiga kelele. Thobias mwenyewe hakupata nafasi.

Mihayo hakujua injini inazimwa kwa wapi. Ndiyo, mwenye mashine! Alikuwa akiifuta tu. Alihangaika huku na huku, mwishowe akafunga bomba la mafuta, na injini ikazidi kunguruma kwa muda kabla ya kufa.

Lori la pamba lilimpeleka Thobias hospitali ya Shinyanga. Huko mkono ulikatwa, juu ya kiwiko.

Mihayo alikwenda kumwona. Njiani alikuwa akipanga maneno. Aliogopa, na hofu ilimfundisha ubaya. Mkaguzi atauliza. Atafunga mashine. Nitashtakiwa. Lakini je, nikisema Thobias alikuwa amelewa? Siku ya mnada pombe haikosekani. Kinga nitairudisha leo hii, niseme aliifungua mwenyewe kwa ulevi. Nani atabisha?

Alimkuta Thobias amelala chali, shuka la hospitali limelala bapa pale ambapo mkono ungekuwapo. Nyamizi alikaa sakafuni, hakuinuka kumsalimu.

"Shikamoo, Baba Limi," Thobias alisema.

"Marahaba, mwanangu." Mihayo alikaa.

Thobias ndiye aliyeanza, kwa sauti ya chini. "Baba Limi, umeirudisha kinga? Irudishe. Yule bwana alisema atakuja bila habari. Akikuta iko kwa kuku atakufungia, na sote tutakosa kula." Akapumzika kidogo. "Akiniuliza mimi, nitasema nilikuwa nimelewa. Usiogope."

"Hujawahi kunywa pombe, wewe!" Nyamizi alilia. "Mkono umekwenda, sasa na jina lako unataka kuwapa?"

"Nyamaza, mama. Mzee ametulisha."

Mihayo aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe. Uongo aliokuja nao, kijana huyu alikuwa anampa bure, kwa heshima. Alijifunika uso akalia mbele ya wagonjwa wote, mtu mzima, mwenye mashine.

"Hapana," alisema alipoweza. "Hukulewa. Ni mimi niliyekuambia ufanye haraka."

Alitoka hospitali akaenda moja kwa moja ofisini kwa Bwana Donatus. Hakungoja afuatwe.

"Nimemkata mtu mkono," alisema.

Donatus alimvutia kiti. "Nieleze. Usifiche."

Mihayo alieleza yote. Mafuta hayakuwa yamekwisha. Kinga ilikuwa mlango wa kuku. Mkanda ulikuwa ukiteleza kila siku, na dawa yake ilikuwa ulimbo. Donatus alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainamisha kichwa.

Kesho yake walifika Samuye pamoja. Klara aliwaona kwa mbali, akamkimbilia mumewe. "Niwatoe kuku? Niilete kinga?"

"Iache hapo hapo. Aione."

Donatus aliiona. Kisha akapiga magoti kando ya injini. "Baba Limi, njoo uangalie. Injini yako imefungwa kwa boliti juu ya magogo haya. Unazima. Unalegeza boliti, unaisogeza injini nyuma kidogo, unakaza. Mkanda unakazika. Ukiwa umechakaa, unaukata kipande unauunga upya. Hapo hautelezi, na ulimbo hauna kazi."

Mihayo alimtazama. "Ndivyo tu?"

"Ni kazi ya asubuhi moja. Niliuliza siku ile kama unateleza. Ungesema ndiyo, ningekuonyesha kabla ya kula jogoo wako."

Mihayo alikaa chini kwenye vumbi la unga. Ah! Dawa ilikuwa nyumbani kwake, imekaa kwenye kiti chake, na yeye akayaficha maradhi.

"Lakini Thobias alikuwa akipaka mwenyewe," alisema kinyonge. "Sikumtuma."

"Ulimwona akipaka?"

"Nilimwona."

"Basi. Mwajiri akiona hatari akanyamaza, ameikubali. Kinga ni juu yako, si juu yake. Mfanyakazi ataivua akiona inamchelewesha, naye anaogopa kukukasirisha. Wewe ndiye wa kumwambia: wateja wangoje, zima."

Mashine ilifungwa. Wanawake wakabeba nafaka zao kwenda kusaga mbali, na waliopita pale hawakuficha maneno yao. Mihayo aliitwa barazani, akakiri, akatozwa faini. Ng'ombe waliuzwa ili Thobias apate fidia yake ya haki. Klara aliwatengenezea kuku wake mlango wa fito.

Mashine ilipofunguliwa tena, injini ilikuwa imesogezwa na mkanda umekazwa. Kinga ilikuwa imekazwa kwa boliti, haivuliwi ila injini imekufa kabisa. Shuka na kanga zinazoning'inia hazikuruhusiwa kuvuka kamba iliyofungwa mbele ya kinu. Kijana mpya alifundishwa kuzima kabla ya kufundishwa kuwasha. Mihayo naye alifundishwa, akarudia mpaka akaweza akiwa amefumba macho.

Thobias alirudi. Mihayo alimpa kazi ya kusimamia. Hakuna aliyewasha mpaka Thobias atazame pande zote na kuita, "Naona wazi! Washa!" Akisema zima, inazimwa, hata kama foleni imefika barabarani, hata kama mwenye mashine mwenyewe ana haraka.

Donatus alikuja bila habari, kama alivyoahidi. Alikuta mashine inasaga. Hakuna aliyefagia. Hakuna jogoo aliyechinjwa. Mihayo alimpokea na unga kichwani, na kabla salamu haijaisha akamshika mkono akamvuta ndani. "Bwana, afadhali umekuja. Boliti hii ya kinga imeanza kulegea, na ule mpini wa hendeli unarudi nyuma kwa nguvu. Tufanyeje?"

"Hayo ndiyo maneno," alisema Donatus, akakunja mikono ya shati.

Walipomaliza, Donatus alimgeukia Thobias kumuaga, akanyoosha mkono wa kulia kama ilivyo ada yetu. Thobias alisita. Kisha akatoa wa kushoto, na kichwa akakiinamisha.

"Samahani, bwana. Nakupa wa kushoto."

Ndivyo alivyomwambia kila mtu, wakubwa na wadogo, kila mteja aliyeleta kikapu. Mashine ile ilisaga miaka mingi tena, na haikumjeruhi mtu mwingine. Na Mihayo, akiwa amekaa pale mlangoni, alilisikia neno lile kutwa nzima, siku zote. Samahani, nakupa wa kushoto. Hakulizoea.