Harufu Kwenye Mrija

Harufu ilitangulia, homa ikafuata. Kila alasiri mdogo wake alipofungua kizibo cha mrija wa dawa uliopachikwa kifuani mwa fundi cherehani, fundi alinusa maji ya maua yaliyosahauliwa chomboni, na chumbani hamkuwa na ua hata moja.

“Unasikia harufu?”

“Dawa zako za saratani hizo, dada. Zimekuharibu pua.”

Aliamini. Amwamini nani kama si mdogo huyu ambaye yeye mwenyewe alimlea kwa cherehani yake tangu mama yao alipofariki? Dawa zilikuwa zimemaliza askari wote wa kinga mwilini mwake, na hospitali walimfundisha mdogo mtu kuusafisha mrija kwa maji ya vichupa vyao tu.

Siku moja baridi ilimshika kabla kizibo hakijarudishwa, akatetemeka hadi kitanda kikagonga ukuta, na katikati ya kugonga huko akasikia kitu kikinywa, funda kwa funda, bila haraka, si mlangoni wala dirishani bali ndani ya kifua chake mwenyewe, kikimeza kila moyo ulipodunda.

Hospitali waliiotesha damu yake kwenye chupa, waone ni kijidudu gani kitakachoota.

“Ni kijidudu cha nadra,” daktari alisema. “Hukaa kwenye maji yaliyotuama. Mwenye kinga hakimsumbui. Kwako kimepitia mrijani. Mnausafisha na nini?”

Mdogo wake aliinamisha kichwa. Daktari alipotoka, akanong'ona, “Kisima cha nyuma ya nyumba kina jini. Nililiomba mtoto, dada. Likataka mwili usio na walinzi.” Akashika tumbo lake. “Niliona wewe unakufa tu hata hivyo.”

Kikulacho ki nguoni mwako. Fundi alikuwa ameshona maisha yake yote na hakuwahi kuikung'uta nguo hii. Jambo hilo lilimuuma kuliko ugonjwa.

Mrija uling'olewa, dawa kali zikapitishwa mkononi, homa ikashuka. Kifua kikanyamaza.

Siku ya kuruhusiwa, mdogo wake alikuja kumchukua, tumbo limechomoza. Akamkumbatia huku akilia. “Nisamehe, dada.”

Fundi alitaka kusamehe. Damu nzito kuliko maji. Lakini tumbo lile lilipomgusa ubavu, ile harufu ikapanda, na mle ndani akasikia kitu kikinywa, funda kwa funda, bila haraka.

“Umesikia anavyocheza?” mdogo wake aliuliza, akitabasamu.

“Nimesikia,” akajibu.