Propela ya Mkiani

Kisa hiki kilimpata rafiki yangu Shakuru, fundi wa ndege wa Bujumbura, wakati wa vita. Rubani Maxime, aliyekula naye sahani moja tangu utotoni, alikuwa na ndege ya ajabu: propela moja puani, nyingine mkiani ikisukuma. Aliahidi kumvusha Shakuru na mama yake hadi Kigoma, mradi ile ya mkiani, iliyopinda, inyooshwe.

Shakuru aliipeleka kwa mhunzi kule Cibitoke, ikanyooshwa, akaifunga kwa kitenge, akarudi nayo begani. Alipokaribia uwanja, ndege ikapita juu yake. Mkiani hapakuwa na kitu, lakini mluzi wa propela ya nyuma ulisikika waziwazi.

Mama yake alikuwa amekaa peke yake juu ya furushi.

“Maxime amesema weye umekubali tubakie.”

“Mi? Apana, mama! Sikumwambia kitu!”

Shakuru akautua mzigo chini. Ndani ya kitenge propela ikaanza kutetemeka, ikivuma pamoja na ndege iliyokuwa ikiyoyoma.

Ghafla mngurumo ukakatika juu ya ziwa. Propela nayo ikatulia. Kilikuwa kiangazi kikavu, lakini kitenge kikaanza kulowa, maji yakichuruzika hadi miguuni mwao.