Mke wa Mtemi Hakupiga Magoti

Soko la Babati lilikuwa limefurika siku Salvatory alipokanyaga kitenge ambacho Kandida alikuwa akimkunjulia mteja. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga na mji umejaa wageni wenye haraka. Huyu naye alikuwa na shati la bluu lililonyooshwa vizuri, macho yakiwa juu, hatazami anakokwenda. Kandida akamwambia aliyekanyaga hununua. Akanunua kweli, kisha akaganda pale akimtazama mpaka mteja akaguna.

Kumbe alikuwa mwandishi wa tamthilia ya televisheni kuhusu Mtemi Lohay aliyewagomea Wajerumani, na alikuwa akitafuta wa kucheza mke wa mtemi. Kandida alicheka. Mke huyo, Amnaa, alikuwa bibi wa bibi yake.

Kandida akakubali kumwigiza, na mapenzi yakaanzia hapo. Walikwenda Nangara kwa Bibi Genoveva, bibi yake Kandida, wakala ugali na maziwa ya mgando, naye akawasimulia. Wajerumani walimfunga mtemi, wakamwamuru mkewe apige magoti aombe msamaha. Amnaa alibaki juu ya kigoda chake. Walichoma nyumba mbele ya macho yake, hakuinuka. Salvatory akamwahidi bibi kwamba itaonyeshwa vivyo hivyo. Akiwa Arusha alipiga simu kila jioni, akimwita Kandida malkia wangu, naye alimjibu kwamba malkia hapendi kusubirishwa.

Siku ya kurekodi, Kandida alivaa ngozi iliyoshonewa shanga na bangili za shaba, akapendeza kupita kiasi. Ndipo akapewa maandishi mapya: Amnaa anapiga magoti, analia, anashika buti la Mjerumani.

"Nani kaandika haya?"

Salvatory akainamisha kichwa. "Mimi. Konstantini ndiye mwenye pesa, anasema watu wanataka machozi. Ni tamthilia tu, mpenzi."

"Ulikula kwa bibi yangu, Salva. Ukamwahidi."

"Nikikataa, kazi inakufa."

"Basi ife."

Kamera ikawashwa. Askari akafoka kama alivyofundishwa. Kandida akakaa kwenye kigoda, akamkazia macho. Konstantini akapiga kelele apige magoti. Hakujisogeza hata kidogo. Akina mama wa mtaa wa Maisaka, waliokodiwa kulia pembeni, wakaacha kulia, wakakaa chini pamoja naye. Alipofukuzwa aliondoka kichwa juu, na machozi aliyamwaga nyumbani.

Salvatory alipiga simu wiki nzima, Kandida hakupokea. Mjini ilivuma kwamba binti mwingine ameshapatikana Arusha kurudia sehemu ile. Kandida aliamini, na moyo ulimuuma vibaya, kwa sababu bado alimpenda.

Tamthilia ilipoanza kuonyeshwa, Bibi Genoveva alitaka kupelekwa kwenye hoteli moja yenye televisheni, hapo karibu na stendi. Kandida alimsindikiza shingo upande. Ikafika sehemu ya Wajerumani, na aliyeonekana ni yeye mwenyewe, juu ya kigoda, macho makavu, na nyuma yake akina mama wa Maisaka. Hoteli nzima ikaacha kula.

"Ndiye," bibi akasema.

Kesho yake Salvatory alikuja sokoni, shati halijanyooshwa. Alisema alimwambia Konstantini kwamba Amnaa akipigishwa magoti, yeye haandiki tena hata neno moja. Konstantini alikubali kwa kuwa muda wa kurekodi upya ulikuwa umekwisha, na sehemu ile ilipoonyeshwa tu akamfukuza. Alisema anaona aibu kwa bibi, na kwamba hawezi kuishi bila Kandida. Kisha akapiga goti katikati ya majora ya vitenge, akatoa pete. Soko zima likageuka kutazama.

Kandida alitamani kumkumbatia, lakini akakunja mikono.

"Inuka. Hilo nalo umelitoa kwenye tamthilia. Kwetu mwanamume hamposi mtu kwa goti. Anatuma wazee, na mara ya kwanza wazee wanarudishwa."

"Wakirudishwa?"

"Wanakuja tena."

Salvatory akainuka, akakung'uta suruali, akauliza kwa sauti ya chini kama mara ya pili watakubaliwa.

"Lete wazee, Salva," Kandida akasema, na sasa alikuwa anatabasamu. "Nitawasubiri nimekaa."