Nyusi za Mama Litokwa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini kwenye kiwanda cha kuku, Mweia humwosha mama yake miguu. Wajukuu hula wali na samaki wa kopo, televisheni hupiga kelele, na Mama Litokwa huwagombeza wote kwa pamoja. Ndivyo siku inavyoanza nyumbani kwao Springdale, Arkansas, mbali na Visiwa vya Marshall walikozaliwa.

Asubuhi hiyo Mweia hakusikia kelele zozote. Kidonda kwenye kidole gumba cha mama yake kilikuwa kimepanuka, na pembeni kimekuwa cheusi. Mjomba wake alianza hivyohivyo. Kisukari kilichukua kidole, kisha mguu, kisha wakamzika.

"Kinauma, Mama?"

"Wala."

Jibu hilo ndilo lililomtia hofu zaidi, maana mguu wa mjomba nao ulianza kwa kufa ganzi. Akamwita jirani yao Hemina, ambaye ni mhudumu wa afya na mtu wa kwao.

Hemina alikitazama kidonda, akapiga simu kliniki papo hapo. Alipokata, uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Tunakwenda sasa hivi. Lakini mbona hamkuitwa? Watu wetu wenye kisukari wameitwa kukaguliwa miguu tangu mwezi wa tatu. Kliniki wameniambia kwamba kwenye fomu ya bima ya mama yako, mahali pa asili pameandikwa 'haijulikani'. Na lugha, Kiingereza!"

"Kiingereza?" Mweia alishangaa. "Mama anajua 'helo' tu!"

"Siku ya kujaza fomu nilimjibu yule karani," Mama Litokwa alisema kwa hasira. "Mkalimani wa simu aliniuliza, 'Wewe ni wa visiwa vya Pasifiki?' Nikasema ndiyo."

"Ulisemaje?" Hemina aliuliza.

Mama akapandisha nyusi.

Hemina alitaka kucheka, akashindwa. Kwa watu wao, kupandisha nyusi ni kusema ndiyo. Mkalimani alikuwa kwenye simu, hakuona kitu. Karani naye alidhani bibi huyu hakuelewa, akaacha asili bila jibu na lugha ileile ya kompyuta, Kiingereza.

"Nyusi zako haziingii kwenye kompyuta, Bibi. Leo tutarekebisha. Kompyuta haisomi majina ya kwetu, maana kila mtu huyaandika kwa namna yake. Kila asili ina namba yake, na sisi tuna yetu. Wakijumlisha, wanaona ni wangapi kati yetu wanaumwa, na ni wangapi hawajaonwa na daktari."

Mama Litokwa akauvuta mguu wake.

"Namba? Siendi."

Mweia alijua sababu, ingawa mama yake aliisimulia mara moja tu. Alipokuwa mtoto, bomu la nyuklia ambalo Wamarekani walikuwa wakilijaribu lililipuka na majivu meupe yakakidondokea kisiwa chao. Kisha wakaja madaktari. Walimsimamisha, wakamshikisha kibao chenye namba, wakampiga picha. Walirudi mwaka baada ya mwaka, na hawakumwambia walichokuwa wakikitafuta.

"Mama, nakuomba," Mweia alisema. "Nakuogopea."

Hemina akachuchumaa mbele ya kochi.

"Ile namba ilikuwa yako peke yako, Bibi. Hii ni yetu sote. Mimi ninayo. Kujibu ni hiari yako. Ukikataa, bima yako inabaki palepale na utatibiwa. Ila tukikaa kwenye 'haijulikani', hakuna atakayeona kwamba tunakatwa miguu."

Mama akaushusha mguu sakafuni.

"Na wewe utakaa nami?"

"Sitoki."

Huko kliniki, karani aliuliza swali lilelile la asili. Nyusi za Mama zilipanda zenyewe. Mweia akamgusa bega. Ndipo Mama akasema kwa sauti iliyowageuza watu wote, "Ndiyo! Visiwa vya Marshall! Na lugha yangu ni Kimarshall!"

Muuguzi alisafisha kidonda, kisha akatoa kamera. Alitaka picha ya kidonda, apate kulinganisha wiki zijazo. Mama Litokwa akaganda.

"Naweza kukataa?" alinong'ona.

"Unaweza," Hemina alisema.

Mama akainyooshea kamera kidole.

"Apige mguu tu, si uso. Na asinishikishe kitu."

Kila wiki Mama alirudi, na safari hii simu za kumkumbusha zilikuja kwa lugha yake. Wiki ya tisa ngozi mpya ilikuwa imefunika kidonda chote. Muuguzi aliziweka picha zote mezani kwa mpangilio, akamweleza Mama moja baada ya nyingine alichokuwa akikitafuta. Mama Litokwa aliinama akaziangalia mpaka ya mwisho. Kisha akamuuliza kama anaweza kuzichukua nyumbani.

"Bila shaka. Ni zako."

Mama akapandisha nyusi. Muuguzi naye akapandisha zake.