Mstari wa Sikuzani Uliopotea

Jumatatu saa mbili asubuhi, Bi Sikuzani aliingia ofisi ya kikundi cha wakulima pale Kilosa mjini, hata salamu hakumaliza.

"Mmenifuta kwenye simu! Wiki nzima hakuna hoteli ya Mikumi iliyonipigia. Vitunguu vyangu vinaozea Lumuma."

Magreth, katibu wa kikundi, akafungua programu ya simu ambayo wenye hoteli huitumia kutafuta bidhaa. Kila muuzaji ana mstari wake. Lazaro wa Kisanga yupo, Petro wa Vidunda yupo. Sikuzani hayupo.

Wote wakamgeukia Upendo, binti aliyeitengeneza programu ile. Mwenyekiti akasema asipojieleza hadi jioni, kazi hana.

Magreth alianza kumhoji Lazaro, maana naye huuza vitunguu.

"Nimfute kwa kitochi hiki, katibu?" Lazaro alicheka, akainua simu yake ya vitufe. "Halafu mimi vitunguu nilishamaliza. Wanaonipigia nawaambia sina."

Kisha Magreth akamwita Goodhope, aliyekaa meza moja na Upendo na kula naye sahani moja tangu shule.

"Shikamoo, dada Magreth."

"Marahaba. Hebu mwandikishe Bi Sikuzani upya, wateja wampate leo."

"Hapana dada, atatokea mara mbili."

"Ehee. Unadhani nani kafanya hivi?"

"Mimi sisemi. Ila Upendo siku hizi anajisikia sana."

Magreth akaenda kuketi na Upendo kwenye kompyuta.

Upendo alieleza. Wakulima wakitangaza bidhaa huanza na shikamoo, wakawajulia hali wateja na watoto wao, ndipo wataje vitunguu. Mistari ilipokuwa ya kimo kimoja, maneno yalikatika bado wako kwenye salamu. Ndipo akaipanga kila mstari urefuke kufuata maneno yake.

Akakagua vimo vya mistari, ghafla akashika kichwa.

"Huyu hapa! Hajafutwa, dada. Mtu ameweka kimo cha mstari wake sifuri. Yupo, ila hana pa kuonekana."

"Nani mwingine ana neno lako la siri?"

"Goodhope tu. Nilimpa, ni kama ndugu yangu."

Mabinti mnaosoma hapa, sikieni: neno la siri hata ndugu hapewi.

Goodhope akaitwa mbele ya wote.

"Asubuhi sote tulisema amefutwa," Magreth alisema. "Wewe peke yako ulijua kwamba akiandikwa upya atakuwa wawili. Ulijuaje kama bado yumo?"

Machozi ya hasira yakamtoka Goodhope.

"Kila mgeni akija ni Upendo, Upendo! Nani alimfundisha hata kuwasha kompyuta? Si mimi? Leo anapelekwa Mikumi kufundisha wenye hoteli, mimi nibaki kuwachemshia chai! Nilitaka tu aonekane hajui kazi."

"Sasa kwa nini mstari wangu?" Sikuzani aliuliza.

"Ndio mrefu kuliko yote. Ndio Upendo aliokuwa akiwaonyesha watu, wanampigia makofi."

Mwenyekiti akamwomba Upendo radhi. Upendo alikuwa akimwangalia Goodhope kama mtu asiyemfahamu.

Sikuzani akasogea karibu na Goodhope.

"Mimi hata kwa sura ulikuwa hunijui, mwanangu. Wivu wako ulikuwa wa huyu. Mbona vikaoza vitunguu vyangu?"